Siku ya kuchora shuleni: watoto 240, rimu mbili na penseli za HB. Tuipangeje?

MwlChamwino ameuliza:

Habari wakuu. Shule yetu ya msingi imetenga Jumamosi moja, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, iwe siku ya kuchora kwa darasa la tatu hadi la sita. Watoto ni 240, walimu tutakuwa wanane. Vilivyopo: karatasi za A4 rimu 2, manila 30, penseli za HB zinazotosha kila mtoto, gundi nyeupe lita 2. Rangi hakuna na hazitanunuliwa.

Shida tunazokutana nazo darasani ni tatu. Kwanza, ukisema "choreni mnachotaka", karatasi zote zinarudi na picha ileile: nyumba ya paa la pembetatu, milima miwili, jua linachungulia katikati, na mnazi pembeni, wakati huku kwetu minazi hatuna. Pili, mchoro unakuwa mdogo kama kiberiti, umejibana kona moja ya karatasi. Tatu, kuanzia darasa la tano wengi wanasema "mwalimu, mimi sijui kuchora", wanaweka penseli chini.

Tufanye nini kwa saa hizo nne ili wachore kweli na wafurahie? Naomba hatua na vipimo, siyo nasaha za jumla. Na je, tuweke zawadi? Naomba kuwasilisha.

---

PenseliMbili amejibu:

Mwalimu, hongera kwa kuipata Jumamosi nzima. Nianze na hiyo nyumba ya pembetatu, maana shida zako zote tatu zinatokea hapo. Mtoto anapoichora hachori, anaandika. Ameshakariri alama ya nyumba kama alivyokariri herufi, mkono unairudia na jicho limelala. Akifika darasa la tano anaanza kulinganisha alama yake na kitu chenyewe, anaona havifanani, anakata tamaa. Kwa hiyo siku hiyo pasiwe na "choreni mnachotaka" hadi mwishoni, na mwalimu asichore mfano ubaoni. Ukichora mfano utavuna nakala 240 za mfano wako.

Wekeni vitu halisi mbele yao. Vizuri zaidi ni vile vyenye umbo lisilo la kawaida na alama za matumizi: kiatu kilichochakaa chenye kamba, birika, kinu na mchi, kibuyu, kigoda, jembe, sufuria yenye mikunjo. Epukeni mpira na boksi jipya, havina cha kutazama. Kitu kimoja kwa watoto wanane, kikae juu ya dawati au ndoo iliyofunikwa, wao wakizunguka umbali wa mita moja hadi moja na nusu. Kikiwa mbali zaidi mtoto anaona umbo tu bila vipande vyake, na atarudi kwenye alama aliyoikariri.

Anzeni wote pamoja kwa dakika 30 za kulegeza mkono. Kateni A4 katikati, kila mtoto apate vipande vinne, yaani karatasi mbili.

Kipande cha kwanza, dakika 3: kila mtoto achore mkono wake wa kushoto bila kutazama karatasi hata mara moja (anayeandika kwa kushoto achore wa kulia). Jicho litambae kwenye ukingo wa kidole kama siafu, na penseli itambae kwa mwendo uleule, bila kunyanyuliwa. Matokeo yatakuwa yamepinda kwa watoto wote, hata yule bingwa wa darasa, na hapo kauli ya "sijui kuchora" inakosa nguvu. Ila angalieni vizuri: ndani ya mistari hiyo iliyopinda mtaona mikunjo ya vifundo na ukucha ambayo mtoto hajawahi kuiweka kwenye mchoro.

Kipande cha pili, mikao mitatu ya sekunde 30 kila mmoja: mwenzao asimame kama anayerusha jiwe, anayebeba ndoo, anayechuma tunda. Waanze na mstari mmoja wa uti wa mgongo, kisha mstari wa mabega, wa nyonga, halafu mikono na miguu. Mtoto akianza na macho na pua, sekunde zote zimeisha.

Kipande cha tatu, dakika 5: kigoda au kiti, lakini wachore matundu yaliyo kati ya miguu, wasichore miguu. Akipatia umbo la matundu, miguu inajitokeza yenyewe na inakaa sawa. Hili linafanya kazi kwa sababu hakuna mtu aliyekariri alama ya tundu.

Kipande cha nne, dakika 5: mkono uleule wa kwanza, safari hii wakiruhusiwa kutazama karatasi.

Baada ya hapo mnaingia kwenye mchoro wa kitu halisi, dakika 50, A4 moja nzima. Ili usiwe wa saizi ya kiberiti, kabla ya mstari wowote kila mtoto aweke nukta nne: juu, chini, kushoto na kulia, kila moja upana wa vidole viwili kutoka ukingoni. Kitu lazima kiguse walau nukta mbili zinazotazamana. Angalieni picha za mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mnyama mmoja ameujaza ubao mzima, mkia na miguu inafika karibu na ukingo. Hakuna aliyejibana kona.

Vipimo wachukue kwa penseli. Mkono unyooshwe, kiwiko kisikunjwe, jicho moja lifumbwe, ncha ya penseli iwe kwenye ukingo mmoja wa kitu na kidole gumba kiteleze hadi ukingo wa pili. Kisha wageuze penseli wima na kuhesabu: upana huu unaingia mara ngapi kwenye kimo? Kiwiko kikikunjwa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, kipimo chote ni cha uongo, na hilo ndilo kosa la nusu ya darasa. Pita ukiwagusa viwiko.

Sasa mdomo wa sufuria, maana hapo hata watu wazima hukwama. Mtoto anajua mdomo ni duara, na anajua kitako ni bapa kwa kuwa sufuria inakaa mezani bila kuyumba. Basi atachora duara kamili juu na mstari ulionyooka chini, na sufuria itaonekana imekatwa kwa panga. Mpe bakuli alishike usawa wa macho: mdomo umekuwa mstari. Alishushe hadi kifuani: mstari umefumbuka, umekuwa duaradufu. Alishushe hadi kiunoni: umefumbuka zaidi. Maana yake kitako cha sufuria, kilicho chini kuliko mdomo, kimefumbuka kuliko mdomo, kwa hiyo tao la kitako lipinde zaidi ya tao la mdomo. Kosa jingine ni ncha: pembeni mwa duaradufu wanaweka kona kali kama ya jicho. Duaradufu haina kona popote, pembeni inageuka kwa mviringo mdogo. Wazungushe mkono hewani mara tano juu ya karatasi, kisha waache penseli iguse bila kusimamisha mkono. Mistari miwili mitatu ikipishana si kosa, iacheni.

Raba zikusanywe asubuhi, zirudishwe saa 6. Mtoto mwenye raba hutumia dakika 20 kufuta sentimita tano zilezile mpaka karatasi itoboke.

Na kuhusu HB: H ni ugumu, B ni weusi, HB ipo katikati. Hata ukikandamiza haitoi weusi kamili, itatoa mng'aro na kuchimba karatasi. Weusi upatikane kwa matabaka: mistari iliyolazwa upande mmoja, juu yake mingine ya mshazari, kisha ya tatu, kwa mkono mwepesi. Mkipata penseli chache za 4B, zilizo nyeusi zaidi, zitumike kwenye kivuli kizito tu, pale kitu kinapogusa meza.

---

MkaaNaManila amejibu:

Mwalimu, uko Chamwino, Dodoma, halafu unasema huna vifaa? Una mizabibu. Mkaa wa kuchorea wa matawi ya mzabibu umetumiwa na wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi, na wakulima wa zabibu Dodoma wakipogoa matawi yanabaki chini. Omba mzigo mmoja.

Mkaa wa kupikia hautafaa. Umetokana na miti migumu, unakwaruza karatasi na una vipande vinavyong'aa visivyoacha alama.

Namna ya kuchoma: chagua vijiti vya unene wa penseli, vinyooke. Vikae kivulini wiki mbili vikauke. Menya ganda, kata urefu wa sentimita 10. Chukua kopo la maziwa ya unga la gramu 400 lenye kifuniko cha bati, siyo cha plastiki. Toboa kifuniko tundu moja kwa msumari wa inchi 2. Panga vijiti wima, vibanane, kisha mimina mchanga mkavu ujaze mapengo huku ukigongagonga kopo. Mchanga unafukuza hewa na kuvizuia vijiti visipinde. Funga, kaza kifuniko kwa waya.

Weka kopo kwenye jiko lenye makaa yaliyowaka vizuri, na mengine yapange kulizunguka. Mwanzo utatoka mvuke mweupe, hayo ni maji. Baadaye moshi mzito wa rangi ya njano, wenye harufu kali. Unaweza hata kushika moto pale tunduni. Moshi ukikatika kabisa, kwa kawaida kati ya dakika 45 na saa moja, epua, ziba tundu kwa udongo uliolowa, na usifungue mpaka kopo lipoe kabisa. Kesho yake ni salama zaidi. Ukifungua likiwa na joto, hewa inaingia na vijiti vinawaka mbele ya macho yako, unabaki na majivu. Hii kazi ifanywe nje na mtu mzima.

Ukifungua, kijiti kizuri ni cheusi hadi ndani na ukikidondosha sakafuni kinalia kama kigae. Kikiwa na kahawia katikati, hakijaiva, kitakwaruza. Kirudishe kwenye kopo la pili. Kikivunjika ovyo na kuwa unga, hewa iliingia.

Hesabu: kopo moja linachukua vijiti kama 60. Kila mtoto nusu kijiti, yaani 120 kwa watoto 240. Ongeza vya kuvunjika, choma makopo matatu.

Manila zako 30 ni hapa zitumike: watoto wanane kwa manila moja, wanne wachore, wanne wasimame nyuma wakitazama na kuwaambia wanachokiona, wabadilishane kila dakika 5. Wachore mti mmoja mkubwa ulio kiwanjani. Kama mna mbuyu, mshukuruni Mungu. Waanze na shina kwa kulaza mkaa ubavu, siyo ncha. Upana wa shina utoke kwa mfuto mmoja, yaani kupitisha mkaa mara moja. Kisha matawi manene, mwisho vitawi kwa ncha. Waangalie kwamba tawi huanza nene na kupungua kila linapogawanyika. Watoto huchora tawi la unene mmoja hadi mwisho, kama bomba.

Upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe. Kituo cha mkaa kiwe upande wa ukuta unaokinga upepo, manila ilale juu ya bati au ubao, mawe manne kwenye kona.

Mkaa bila kushikizwa unafutika kwa kuguswa. Chemsha maziwa, yalale usiku kucha, ondoa utandu wote wa mafuta asubuhi. Changanya kikombe 1 cha maziwa na kikombe 1 cha maji, chuja kwa kitambaa, tia kwenye chupa ya kunyunyizia ambayo haijawahi kubeba dawa ya wadudu. Nyunyiza kwa umbali wa sentimita 40, picha ikiwa imelala, mara moja nyepesi, ikauke, kisha mara ya pili. Ukikaribia, matone yatachora michirizi. Mafuta yakibaki kwenye maziwa, karatasi itapata madoa kama ya andazi.

Jambo moja sikubaliani na PenseliMbili: raba. Kwenye mkaa raba ni penseli nyeupe. Lazeni mkaa eneo zima, kisha mtoto "achore" mwanga kwa kufuta. Raba mkikosa, nyama ya mkate laini ikifinyangwa kuwa kidonge inatoa mkaa vizuri kuliko raba ya dukani.

---

PenseliMbili amejibu:

Kwa mkaa nakubali kabisa. Marufuku yangu ni ya kufuta makosa, kuchora mwanga kwa raba ni kazi nyingine. Zirudishwe kwenye kituo chako tu.

---

BintiWaPindo amejibu:

Salaam alaykum walimu. Naongeza kituo cha tatu, kwa wale watoto ambao kuchora kitu kilichokaa mbele hakuwavutii lakini mapambo wayapenda. Wachore leso, nyinyi huko mwaiita kanga. Ina sehemu tatu na zote zafundisha: pindo linalozunguka pande nne, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini ndani ya mji. Karatasi ya A4 iliyolazwa yakaribia sana umbo la leso yenyewe, kwa hiyo watoto hawana haja ya kukata.

Pigeni fremu ya sentimita 28 kwa 20. Ndani yake pindo la upana wa sentimita 2, ligawanywe miraba ya sentimita 2. Juu itaingia miraba 14, chini 14, na ubavuni 10 kila upande ukihesabu kona. Jumla miraba 44, hakuna kipande kinachobaki. Vipimo hivi msivibadilishe ovyo. Mwalimu akiwaachia watoto wachague upana wa pindo, mapambo yatafika kona yakiwa nusu, na mtoto atayafinya ya mwisho ili yaenee.

Kona nne zichorwe mwanzo, na pambo lake liwe tofauti, kwa sababu kona yatazama pande mbili. Kisha miraba miwili ya kati ya kila upande, kisha kujaza kutoka kati kwenda kona. Pambo liwe kitu walichokiona asubuhi hiyo: jani, punje ya mtama, jicho la jembe, kandambili. Walichore kwanza mara moja kwa makini kwenye karatasi chakavu, halafu walipunguze mpaka libaki mistari mitano au sita. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, kujua cha kuacha. Mji nao uwe na pambo moja kubwa au machache yaliyotawanywa, usirudie pindo.

Jina lina mtego wake. Watoto huanza kushoto kwa herufi kubwa kubwa, na wakifika kulia herufi zakanyagana. Wahesabu kwanza herufi pamoja na nafasi. MGENI NJOO MWENYEJI APONE ni 25. Kila moja ikipewa milimita 8, jumla sentimita 20, na mji una upana wa sentimita 24, yaenea. Ya 13 ni W ya MWENYEJI: hiyo ndiyo ikae katikati kabisa ya karatasi, kisha waandike kwenda kulia, na upande wa kushoto wajaze kwa kurudi nyuma. Herufi I ni nyembamba, wasiijazie nafasi yake yote kwa kuinenepesha.

---

MwlChamwino ameuliza tena:

Asanteni sana. Nimejumlisha: karatasi 2 za kulegeza mkono, 1 ya kitu halisi, 1 ya kanga, mara 240 ni 960, rimu mbili zinatosha na zinabaki 40. Vituo vitatu vya watoto 80, dakika 50 kila kimoja: walimu 3 kwenye mkaa, 3 kwenye vitu halisi, 2 kwenye kanga. Mapumziko dakika 20.

Yamebaki mawili. Zawadi, maana mwalimu mkuu anataka washindi watatu. Na gundi lita 2, nitaitumia wapi?

---

UdongoMwekundu amejibu:

Zawadi za mshindi wa kwanza hadi wa tatu, nakushauri kwa nguvu zote: hapana. Zitakwenda kwa wanaojua kunakili kwa usafi, na watoto 237 watarudi nyumbani wakiwa na ushahidi kwamba hawajui kuchora, ndilo jambo mnalotaka kuliondoa. Uingereza wana tamasha la kuchora linaloitwa The Big Draw, lilianza mwaka 2000 na kwa kawaida hufanyika Oktoba. Lengo lake ni kumrudisha kwenye penseli mtu anayeamini hawezi. Hapo hakuna anayepewa namba.

Mwambie mwalimu mkuu badala ya washindi aandae maonyesho ya wote. A4 iliyosimama ina upana wa sentimita 21, pamoja na pengo ni 25, mara 240 ni kamba mita 60. Ifungwe kimo cha sentimita 120, usawa wa macho ya mtoto, siyo ya mwalimu, na iwe na egemeo kila mita 3, vinginevyo italegea katikati na karatasi zitarundikana. Kila mtoto achague mwenyewe mchoro mmoja wa kutundika. Zile za kanga zimelala, kwa hiyo ziwekeni upande wenye nafasi zaidi. Nyuma ya karatasi kuwe na jina, darasa na tarehe.

Na walimu waache "nzuri sana", haimwambii mtoto kitu. Muulizeni: "Sehemu gani uliitazama muda mrefu zaidi?" Au mwonyesheni mahali: "Hapa kwenye mkunjo wa kiatu mstari wako umebadilika unene, uliona nini?"

Gundi ni ya rangi ya udongo. Huko mkoani kwenu, Kolo wilayani Kondoa, kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sehemu kubwa ya ile ya zamani ni nyekundu, rangi ya udongo wa chuma. Udongo wa namna hiyo mnaukanyaga kila siku. Siku nyingine mkiwapeleka watoto kuiona, wachore kwa penseli tu, wasiguse mwamba wala kumwagia maji ili rangi "ionekane vizuri". Maji yanaiharibu.

Kutengeneza: jaza robo ndoo udongo mwekundu, ongeza maji hadi robo tatu, koroga sana. Subiri dakika moja, mchanga utatua. Mimina maji yenye udongo kwenye ndoo ya pili kupitia kitambaa cha kanga, mchanga uache. Ndoo ya pili ilale usiku kucha. Asubuhi mwaga maji safi ya juu polepole, tope laini lililobaki lianikwe juu ya bati mpaka likauke, kisha litwangwe. Fanyeni hivyo kwa udongo mwekundu, wa njano na mweupe. Nyeusi tumieni masalia ya mkaa wa mzabibu yaliyosagwa.

Kipimo: vijiko 4 vya unga wa udongo, kijiko 1 cha gundi nyeupe, vijiko 2 vya maji. Jaribu kipande kidogo, kikauke, kisha pitisha kidole. Kidole kikitoka chekundu, gundi ni kidogo. Rangi iking'aa na kupasuka, gundi imezidi. Changanya kidogo kidogo, inaganda ndani ya saa chache. Brashi: kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha kinatosha. Msipake kwenye A4, itakunjamana. Pakeni kwenye maboksi yaliyokatwa, au kwenye ukuta wa nje ambao mwalimu mkuu ameuridhia.

---

Mgeni_wa_Jioni ameuliza:

Samahani naingilia. Mimi siyo mwalimu, ni mtu mzima, nafanya kazi ya ofisini Mwanza. Haya mazoezi yanafaa mtu wa peke yake? Nina dakika 15 tu kwa siku.

---

PenseliMbili amejibu:

Yanafaa, na dakika 15 zinatosha ukizitunza. Nunua daftari lisilo na mistari, saizi ya A5, na utumie kalamu ya wino ya kawaida. Ya wino kwa makusudi, ili usifute. Chagua kikombe kimoja chenye mkono na ukichore siku saba mfululizo, kila siku kutoka upande mwingine: juu, usawa wa macho, mkono ukikutazama. Ule upande ambao mkono unakuelekea ndio mgumu, kwa sababu unachokiona hakifanani hata kidogo na "mkono wa kikombe" ulio kichwani. Wiki ya pili mkono wako wa kushoto, wiki ya tatu kona ya chumba.

Ukifika kwenye nyuso, kosa la kwanza litakuwa macho kupanda juu mno. Pima utosi hadi kidevu: macho yapo katikati. Tunayapandisha kwa sababu paji la uso na nywele hazituvutii, tunazipa nafasi ndogo.

Ukirudi kwenye penseli, ichonge kwa wembe, siyo kichongeo: mti uondoke sentimita 2 na nusu, risasi ibaki wazi sentimita 1. Hapo unaweza kuilaza na kupata mfuto mpana, au kuisimamisha upate mstari mwembamba. Kwa mistari mirefu ishike chini ya kiganja kama unavyoshika kijiko cha kukorogea uji, na mkono utembee kutoka begani.

---

MkaaNaManila amejibu:

Mwalimu, usisubiri wiki ya mwisho. Choma kopo moja la majaribio sasa, maana makaa ya kila jiko yana joto lake, na muda wa kwako hutaujua mpaka ulione lenyewe likikata moshi. Andika dakika. Makopo matatu ya siku yenyewe yachomwe Alhamisi, yafunguliwe Ijumaa asubuhi, na vijiti visambazwe kwenye boksi lenye mchanga mkavu. Ukivitia kwenye mfuko wa rambo vitafika kiwanjani vikiwa unga.